‘9 to 5’: Kibao kilichogeuza kilio cha makarani kuwa wimbo wa dunia

NI nadra kwa malalamiko kuimbwa kwa furaha. Hata hivyo, hivyo ndivyo ulivyo wimbo ‘9 to 5’ wake Dolly Parton, mwanamuziki wa Marekani, uliotolewa mwaka wa 1980. Zaidi ya miaka 40 baadaye, wimbo huo ungali unapigwa redioni, arusini na katika mikutano ya wafanyakazi, na wengi huupigia makofi bila kutafakari yaliyomo ndani yake.

Anayeusikia kwa mara ya kwanza huenda akadhani ni wimbo wa kuchangamsha tu. Mdundo wake ni mwepesi, piano inarukaruka na sauti ya mwimbaji imejaa bashasha. Lakini katika bashasha hiyo mna dai zito: kwamba mtu anaweza kumenyeka mwaka baada ya mwaka, maarifa yake yakatumiwa na mwajiri, kisha sifa na faida zikamwendea mwingine. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Wimbo huu unazungumza kwa niaba ya yule anayechuma juani ilhali kivuli kimekaliwa na bosi wake.

Wasichokijua wengi ni kwamba jina la wimbo huo, na hata filamu ulikotumika, vilitokana na harakati za wanawake waliokuwa makarani na masekretari katika mji wa Boston. Kuuelewa wimbo huu vyema ni kuielewa safari hiyo, kuanzia mezani pa karani hadi kileleni mwa chati za muziki.

Jina na saa zake

Kwa hesabu ya Waswahili, ambao huanza kuhesabu saa za mchana jua linapochomoza, jina la wimbo huu lina maana ya saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Muda huo ni saa nane kamili. Kwa Wamarekani, hizo ndizo saa za kawaida za ofisini, na maneno hayo yamekuwa lakabu ya kazi yoyote ya kuajiriwa ambayo siku zake zinafanana kama mapacha.

Saa nane hizo hazikuletwa na ukarimu wa waajiri. Mapema katika karne ya 19, Robert Owen wa Uingereza, ambaye mwenyewe alikuwa mwenye kiwanda, alikuwa miongoni mwa waliopendekeza kwamba siku igawanywe mara tatu: saa nane za kazi, saa nane za mtu kujifurahisha na saa nane za kupumzika. Mnamo Mei 1886, wafanyakazi wa Marekani waligoma wakidai saa hizo, na mjini Chicago mgomo huo ukaishia katika umwagaji wa damu. Ni kutokana na matukio hayo ambapo mataifa mengi, Kenya ikiwemo, huadhimisha Sikukuu ya Wafanyakazi kila Mei 1.

Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wake wa kwanza kabisa mwaka wa 1919 kuhusu suala hilo hilo, likiweka kikomo cha saa nane kwa siku na saa 48 kwa juma viwandani. Nchini Marekani, sheria ya mwaka wa 1938 ilianza kupunguza saa za kazi hatua kwa hatua hadi zikafika 40 kwa juma mnamo 1940.

Kwa hivyo, kufikia miaka ya 1970, idadi ya saa haikuwa tena kiini cha malalamiko ya wafanyakazi wa ofisini nchini humo. Swali lilikuwa jingine: katika saa hizo nane, ni nani aliyefanya kazi na ni nani aliyetajwa kuwa ameifanya?

Makarani wa Boston

Swali hilo liliwagusa zaidi wanawake. Mamilioni yao walikuwa wameajiriwa kupiga taipu, kupokea simu na kupanga faili. Wengi walilipwa mishahara duni, na wakatarajiwa pia kumtengenezea bosi kahawa na kumtekelezea shughuli zake za kibinafsi. Mara nyingi mwanamke alimfundisha kazi mwanamume aliyeajiriwa baada yake, kisha akashuhudia mwanafunzi wake huyo akipandishwa cheo na kuwa mkubwa wake.

Karen Nussbaum na Ellen Cassedy walikuwa makarani katika Chuo Kikuu cha Harvard, kilicho karibu na Boston. Wakiwa na wenzao wachache, walianza kuchapisha jarida dogo walilowagawia wanawake waliokuwa wakienda kazini asubuhi. Mnamo 1973 waliunda chama na kukiita 9to5, kwa saa zile zile walizokuwa ofisini.

Mbinu zao zilichanganya hoja na kejeli. Mwaka wa 1974 walitoa tangazo la haki za wanawake wanaofanya kazi ofisini. Katika siku iliyotengwa nchini humo kuwaenzi masekretari, ambapo wakubwa walizoea kuwanunulia wafanyakazi wao maua, wao walidai nyongeza ya mshahara badala ya maua. Isitoshe, waliandaa mashindano ya kumtafuta bosi aliyetoa amri ya kipuuzi zaidi. Miongoni mwa visa vilivyowasilishwa ni cha bosi aliyemtaka sekretari wake amshonee suruali iliyoraruka, naye akiwa bado ameivaa.

Kicheko hicho kilikuwa silaha. Makarani waliokuwa na woga wa kujiunga na chama cha wafanyakazi hawakuogopa kumcheka bosi, na baada ya kucheka pamoja waligundua kwamba masaibu ya mmoja yalikuwa masaibu ya wote. Mnamo 1975, wanaharakati hao walishirikiana na muungano wa wafanyakazi wa huduma, SEIU, kuunda tawi lililopewa nambari 925. Nambari hiyo, ikitamkwa kwa Kiingereza, inafanana na jina la chama chao.

Kutoka mkutanoni hadi sinema

Mwigizaji Jane Fonda alifahamiana na Nussbaum katika harakati za kupinga vita vya Vietnam. Aliposikia simulizi za makarani hao, alishawishika kwamba zingefaa kutengenezewa filamu. Mwanzoni alifikiria mchezo wa huzuni, lakini baadaye ikaamuliwa kwamba ujumbe huo ungepokelewa vyema zaidi kwa njia ya ucheshi.

Katika maandalizi, watengenezaji wa filamu walikutana na wanawake wa ofisini mjini Cleveland, jimbo la Ohio, ambako harakati hizo zilikuwa zimefika. Waliwauliza iwapo waliwahi kuwaza jinsi ambavyo wangelipiza kisasi kwa wakubwa wao. Majibu yalimiminika. Baadhi ya mawazo hayo ndiyo yaliyozaa sehemu maarufu ya filamu ambapo wahusika wakuu watatu wanaota mchana jinsi ambavyo kila mmoja angemwangamiza bosi wao.

Filamu yenyewe, iliyoelekezwa na Colin Higgins aliyeiandika pamoja na Patricia Resnick, ilianza kuonyeshwa Disemba 1980. Fonda aliigiza kama Judy, mwanamke aliyetalikiwa na kulazimika kutafuta kazi kwa mara ya kwanza. Lily Tomlin alikuwa Violet, mfanyakazi mkongwe aliyenyimwa cheo kikapewa mwanamume aliyefunzwa kazi naye. Dolly Parton, ambaye hakuwa ameigiza katika filamu yoyote kabla ya hapo, alikuwa Doralee, sekretari anayesumbuliwa kimapenzi na bosi na kusengenywa na wenzake kwa dhambi asiyoitenda. Bosi huyo, Franklin Hart, aliigizwa na Dabney Coleman.

Katika hadithi hiyo, wanawake hao wanaishia kumzuilia bosi nyumbani kwake na kuiendesha ofisi kwa jina lake. Wanaruhusu wafanyakazi kuchagua saa zinazowafaa, wanafungua mahali pa kulelea watoto na kusawazisha mishahara ya wanaume na wanawake. Kazi inashamiri. Mwenyekiti wa kampuni anapokuja kujionea mabadiliko hayo, anammiminia sifa bosi, ambaye hakufanya lolote. Aidha, anayakubali mabadiliko yote isipokuwa moja tu: usawa wa mishahara.

Watazamaji walicheka sana, na filamu hiyo ikaingiza zaidi ya dola milioni 100 katika kumbi za Marekani na Kanada. Hata hivyo, sehemu hiyo ya mwenyekiti ina uchungu wake. Watunzi wa filamu walijua vyema ni dai gani ambalo lingekuwa gumu zaidi kutimizwa.

Binti wa mkulima wa Tennessee

Dolly Rebecca Parton alizaliwa Januari 19, 1946, katika eneo la milima la Sevier, jimbo la Tennessee, akiwa mtoto wa nne kati ya 12. Baba yake alikuwa mkulima maskini asiyejua kusoma wala kuandika. Inasimuliwa katika familia hiyo kwamba daktari aliyemzalisha mama yake Dolly alilipwa kwa gunia la unga wa mahindi.

Mnamo 1964, siku moja tu baada ya kuhitimu shule ya upili, binti huyo alihamia Nashville, kitovu cha muziki wa kantri. Alipata umaarufu kuanzia mwaka wa 1967 katika kipindi cha televisheni cha mwanamuziki Porter Wagoner, kisha akaamua kujitegemea mwaka wa 1974. Wimbo aliomtungia Wagoner wakati wa kuagana naye, ‘I Will Always Love You’, ndio ule ambao Whitney Houston aliuimba upya mwaka wa 1992 ukatikisa dunia nzima.

Kisa cha wimbo huo kinasaidia kueleza msimamo wa Dolly kuhusu jasho la mtu. Katika miaka ya 1970, Elvis Presley alitaka kuurekodi. Meneja wake, maarufu kama Kanali Tom Parker, akasisitiza kwamba apewe nusu ya haki za utunzi. Dolly alikataa, ingawa amesema kwamba alilia kwa kuikosa nafasi hiyo. Uamuzi huo ulimletea mamilioni ya dola pale Whitney alipouimba.

Dolly hakuwahi kuwa karani. Lakini alijua maana ya kutaka kupokonywa zao la akili yake na mtu mwenye mamlaka zaidi. Alipotakiwa kuigiza katika filamu ya Fonda, alikubali kwa sharti kwamba aandike wimbo wake mkuu.

Kucha zilizogeuka taipureta

Namna wimbo huo ulivyotungwa imekuwa kisa mashuhuri katika historia ya muziki. Dolly ameeleza mara nyingi kwamba alikuwa akingoja zamu yake pale filamu ilipokuwa ikipigwa, ndipo akaanza kusugua kucha zake ndefu za bandia. Kucha hizo zilitoa mlio uliofanana na wa taipureta. Akaufanya mlio huo kuwa mdundo, na juu yake akaanza kuweka maneno kidogo kidogo.

Wimbo uliporekodiwa, mlio wa kucha hizo ulitumika kama ala miongoni mwa ala nyingine, na sauti ya taipureta halisi pia ikaongezwa. Pamoja nazo kuna piano inayogonga kwa mpigo mmoja usiobadilika, mithili ya saa ukutani au hatua za mtu anayewahi kazini, na tarumbeta zinazoingia kwenye kiitikio.

Kimaudhui, ubeti wa kwanza unaanzia nyumbani. Mhusika anaamka, anajikokota hadi jikoni, anatafuta kahawa ya kumfungua macho, anajinyoosha na kutoka nje kukabiliana na msongamano wa magari pamoja na maelfu ya wengine wenye safari kama yake. Hana jina, na haambiwi anafanya kazi ya aina gani. Kwa sababu hiyo, muuguzi, mwalimu, karani na mfanyakazi wa kiwandani wanaweza kila mmoja kujiona ndani yake.

Kiitikio ndicho kinachobeba shtaka. Hapo mhusika anasema kwamba malipo hayatoshi kuendesha maisha, kwamba mfumo mzima umeegemea upande wa wanaopokea, na kwamba jitihada zake hazitambuliwi. Ubeti wa pili unageukia ndoto. Mwajiri anamwachia mfanyakazi ndoto ndogo tu ili azitazame zikivunjika, ila mfanyakazi haachi kuamini kwamba ipo siku upepo utabadilika.

Ni muhimu kutambua kile ambacho wimbo huu haukisemi. Hauilaani kazi, wala haumsifu mvivu. Mhusika anataka kufanya kazi, na hata anataka kupanda ngazi. Analolalamikia ni kwamba ngazi yenyewe imefichwa. Huenda hiyo ndiyo sababu wimbo umependwa na watu wa mirengo tofauti ya kisiasa. Mwanachama wa muungano wa wafanyakazi anasikia mwito wa kudai haki, naye mwenye biashara ndogo anasikia mwito wa kutokata tamaa.

Mafanikio kwenye chati

Wimbo ulitolewa mwishoni mwa mwaka wa 1980, ukajumuishwa katika albamu ‘9 to 5 and Odd Jobs’, ambayo nyimbo zake nyingi zinahusu kazi na wafanyakazi. Mapema mwaka wa 1981, ulishika nambari moja katika chati ya muziki wa kantri. Mnamo Februari mwaka huo ulifika kileleni mwa chati kuu ya jarida la Billboard, ukawa wimbo wa kwanza wa Dolly kufika hapo. Uling’olewa na wimbo wa Eddie Rabbitt, kisha ukarejea kileleni kwa juma jingine mwezi Machi.

Ufanisi huo ulimfanya Dolly kuwa mwanamke wa pili kuongoza chati ya kantri na chati kuu kwa wimbo mmoja. Wa kwanza alikuwa Jeannie C. Riley kwa wimbo ‘Harper Valley PTA’ mwaka wa 1968.

Wimbo uliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar, lakini ukashindwa na ‘Fame’. Katika tuzo za Grammy zilizotolewa mwaka wa 1982, ulishinda mbili: wimbo bora wa kantri, na uimbaji bora wa kantri kwa upande wa wanawake. Miaka mingi baadaye, mwaka wa 2004, Taasisi ya Filamu ya Marekani iliuweka katika orodha yake ya nyimbo 100 bora za sinema za nchi hiyo.

Mafanikio hayo hayakukosa mzozo. Wanandoa wawili watunzi walienda mahakamani wakidai kwamba Dolly alikuwa ameiga wimbo wao. Mwaka wa 1985, baraza la mahakama liliamua kwamba hakuwa na hatia. Hivyo, wimbo unaohusu watu kunyimwa sifa za kazi yao ulilazimika wenyewe kuthibitishiwa mwenyewe.

Nyimbo mbili, jina moja

Msomaji asije akauchanganya wimbo huu na mwingine wa wakati huo huo. Mnamo 1980, mwimbaji Sheena Easton kutoka Scotland alitamba nchini Uingereza kwa wimbo uliokuwa na jina lilo hilo. Ulipopelekwa Marekani, ulipewa jina jipya, ‘Morning Train’, ili wasikilizaji wasikanganyike, na mwezi Mei 1981 nao pia ukafika nambari moja.

Tofauti kati ya nyimbo hizo ni funzo tosha. Katika wimbo wa Easton, anayeenda kazini ni mwanamume, naye mwanamke amebaki nyumbani akihesabu saa hadi mpenzi wake arejee kwa treni ya jioni. Katika wimbo wa Dolly, mwanamke mwenyewe ndiye anayeingia barabarani asubuhi. Jina moja, mwaka mmoja, lakini mielekeo miwili kuhusu nafasi ya mwanamke katika uchumi.

Yaliyobadilika na yaliyobaki

Je, malalamiko ya makarani wa Boston yalisikizwa? Baadhi yalisikizwa. Marekani ilikuwa tayari imepiga marufuku ubaguzi dhidi ya wafanyakazi wajawazito kwa sheria ya mwaka wa 1978. Mnamo 1986, Mahakama ya Juu nchini humo iliamua kwamba dhuluma za kimapenzi kazini, kama zile anazofanyiwa Doralee katika filamu, ni ubaguzi unaokiuka sheria. Mwaka wa 1993, sheria iliwapa wafanyakazi wengi likizo ya hadi majuma 12 ya kuwashughulikia watoto wachanga au jamaa wagonjwa, ijapokuwa likizo hiyo haina malipo. Nussbaum mwenyewe aliteuliwa mwaka huo kuongoza idara ya masuala ya wanawake katika Wizara ya Leba ya Marekani.

Kuhusu mishahara, mwendo umekuwa wa kobe. Mwaka wa 1980, mwanamke aliyefanya kazi ya kutwa nchini Marekani alipata takriban senti 60 kwa kila dola moja iliyolipwa mwanamume. Katika miaka ya 2020, kiasi hicho kimezidi senti 80, lakini hakijafikia dola. Dai alilolikataa mwenyekiti katika filamu bado halijatimizwa kikamilifu.

Taipureta, kwa upande wake, zimetoweka. Kompyuta zimechukua mahali pake na kazi nyingi za makarani zimekwisha. Wakati huo huo, mipaka ya saa nane imefifia, kwa kuwa simu ya mkononi humfuata mfanyakazi hadi mezani pa chakula cha jioni.

Mabadiliko hayo yalidhihirika mwaka wa 2021, Dolly aliporekodi toleo jipya la wimbo wake kwa ajili ya tangazo la kibiashara la kampuni ya kutengeneza tovuti. Toleo hilo liligeuza saa, likawasifu watu ambao baada ya kutoka kazini hurudi tena mezani kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tatu usiku wakiendesha biashara zao wenyewe. Wapo waliolifurahia. Wengine walilalamika kwamba wimbo uliokuwa ukidai malipo ya haki kwa saa nane sasa ulikuwa ukihimiza watu waongeze saa nne zaidi.

Mnamo 2022, mwelekeo ulikuwa tofauti. Dolly na mwimbaji Kelly Clarkson waliurekodi kwa mwendo wa polepole kwa ajili ya filamu ya hali halisi kuhusu historia ya ‘9 to 5’. Furaha ya mdundo ilipoondolewa, huzuni ya maneno ilijitokeza waziwazi, na wasikilizaji wengi wakahisi kana kwamba wanausikia kwa mara ya kwanza.

Kabla ya hapo, filamu ya 1980 ilikuwa tayari imezaa kipindi cha televisheni mwaka wa 1982, kisha mchezo wa jukwaani ambao Dolly aliutungia nyimbo na ambao ulionyeshwa Broadway, New York, mwaka wa 2009 na London mwaka wa 2019.

Mapokezi ya Kenya

Nchini Kenya, Dolly Parton si mgeni. Muziki wa kantri umekuwa na wapenzi wengi humu nchini kwa miongo kadhaa, hasa katika maeneo ya Kati na Bonde la Ufa, na nyimbo za Jim Reeves, Kenny Rogers, Don Williams na Dolly zimepigwa redioni vizazi kwa vizazi. Wapo hata Wakenya waliojipatia jina kwa kuuimba muziki huo, akiwemo Elvis Otieno, anayefahamika zaidi kama Sir Elvis.

Si vigumu kueleza mvuto huo. Nyimbo nyingi za kantri zinasimulia habari za shamba, mama, kanisa, umaskini na safari ya kwenda mjini kutafuta riziki. Hayo ni mambo ambayo Mkenya anayafahamu bila kuhitaji mkalimani. Anayeondoka nyumbani alfajiri akitembea kwa miguu hadi Industrial Area, Nairobi, au anayekwama katika matatu kwenye foleni ya magari, anaielewa asubuhi anayoieleza Dolly hata kama hakunywa kahawa.

Kisheria, Kenya imetamka mengi kuhusu masuala yale yale. Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 inamtaka mwajiri awalipe sawa wafanyakazi wanaofanya kazi ya thamani sawa, inampa mwanamke likizo ya uzazi ya miezi mitatu kwa malipo kamili, na inakataza dhuluma za kimapenzi kazini. Kifungu cha 41 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mfanyakazi haki ya ujira unaofaa, mazingira bora ya kazi, kujiunga na chama cha wafanyakazi na kugoma. Ila mwenye kusoma sheria na mwenye kupokea hati ya mshahara mwishoni mwa mwezi wanaweza kuwa na maoni tofauti kuhusu umbali uliopo baina ya maandishi na utekelezaji.

Kwa nini wimbo haufi

Nyimbo nyingi zilizotungwa kwa ajili ya filamu husahaulika pamoja na filamu zenyewe. Wimbo huu umedumu kwa sababu jambo unalolizungumzia halikutegemea taipureta wala ofisi za Boston. Kila mahali ambapo mmoja anaandika ripoti na mwingine anaitia sahihi, mmoja anapika na mwingine anapongezwa kwa karamu, au mmoja anamfundisha mgeni kazi kisha mgeni akawa mkubwa wake, mtu atauelewa wimbo huu.

Vilevile, unawakumbusha wasikilizaji kwamba haukuanzia studio. Kabla ya Dolly kusugua kucha zake, walikuwepo makarani waliosimama barabarani asubuhi na mapema wakigawa jarida lao dogo kabla hawajaenda kuketi mbele ya taipureta zao. Majina ya wengi wao hayamo kwenye santuri wala kwenye orodha za tuzo, ilhali walichokianzisha ndicho kilichouzaa wimbo huo na kuupa jina.